Uzuiaji wa wapigaji simu wasiotakiwa
Uzuiaji wa wapigaji ni utaratibu ambao mtambo wa simu za intaneti, yaani simu zinazosafirisha sauti kwa pakiti za data, hulinganisha namba inayopiga na orodha ya namba zilizokataliwa kabla simu haijaita. Kwa ofisi za Moshi zinazohudumia wapandaji wa Kilimanjaro, ambao wengi hupiga kutoka ng'ambo, kufungia namba zote za nchi fulani ni kujikatia riziki. Afadhali mpigaji mgeni aombwe na sauti iliyorekodiwa abonyeze tarakimu fulani, jambo ambalo mashine zinazopiga zenyewe kwa kawaida hushindwa. Orodha pekee haitoshi, kwani namba inayoonekana huweza kughushiwa. Nchini Tanzania, namba za matapeli huripotiwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040.