Kwa Nini Wakristo wa Kwanza Waliitwa Wakana Mungu

Katika karne ya pili baada ya kuzaliwa Bwana wetu palikuwa na mji mdogo pwani ya Bahari Nyeusi, katika Asia Ndogo, jina lake Abonoteichus. Mtu wa mji ule, Alexander, alianzisha ibada ya mungu mpya, nyoka aliyemwita Glycon, na watu wakaja kutoka mbali kumwuliza habari za magonjwa, za wezi na za watumwa waliotoroka. Mwandishi Lucian, aliyeishi siku zile zile na kuonana na Alexander uso kwa uso, asema kwamba kichwa cha nyoka yule kilikuwa kimeundwa kwa nguo ya kitani na kupakwa rangi. Asimulia tena kwamba siku ya kwanza ya sherehe za siri palitolewa tangazo: aliyekuja kupeleleza, akiwa ni mkana miungu, au Mkristo, au Mwepikuro, na atoke. Ndipo Alexander alipopaza sauti kuwafukuza Wakristo, na mkutano wote ukaitikia kwa kuwafukuza Waepikuro.

Habari hii yafaa tuifikiri sana sisi tunaofundisha dini. Waepikuro walikuwa wanafunzi wa Epicurus, mwalimu wa Kiyunani aliyekufa mwaka 270 kabla ya Kristo. Hawakusema kwamba miungu haiko kabisa; walisema kwamba haishughuliki na mambo ya wanadamu, haisikii dua wala haitoi adhabu. Kwa watu wengi hayo yalikuwa sawasawa na kukana. Basi Mkristo aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya Mungu wake, na Mwepikuro asiyetumaini msaada wa mungu awaye yote, walifukuzwa pamoja katika mlango mmoja. Je, kukataa kwao kulikuwa kumoja? Jambo hili ndilo nipendalo kulichungua.

Tuanze na neno lenyewe. Jina walilotupiwa Wakristo kwa Kiyunani ni atheos, maana yake asiye na mungu. Katika Agano Jipya neno hili laonekana mara moja tu, Waefeso 2:12, na hapo si Wakristo waitwao hivyo, bali ni watu wa mataifa kabla hawajaamini. Kila upande, basi, ulimtupia mwenzake jina lile lile. Kiswahili chetu nacho chajua neno la namna hiyo. Kafiri ni neno la Kiarabu, na shina lake lina maana ya kufunika na kukana. Ni vigumu kumpata mtu ajiitaye kafiri kwa hiari yake. Ni jina mtu apewalo na jirani yake.

Kwa nini jina hilo lilikuwa la hatari? Katika miji ya Dola ya Rumi ibada haikuwa jambo la moyo wa mtu peke yake. Kuchinja, kufukiza ubani na kumimina divai kulikuwa kazi ya mji mzima, kama vile tambiko la mvua lilivyokuwa kazi ya nchi nzima kwa wazee wetu. Asiyeshiriki alihesabiwa kuwa amewahatarisha wenzake. Tertullian wa Karthago, aliyeandika mwaka 197 hivi, alalamika kwamba mto ukifurika au mvua ikikosa, lawama huwaangukia Wakristo. Mwaka 112 hivi Pliny, liwali wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajan jinsi alivyowajaribu wale waliokana kuwa ni Wakristo: aliwataka waiite miungu, wafukize ubani na kumimina divai mbele ya sanamu ya Kaisari, kisha wamlaani Kristo. Wayahudi nao waliikataa miungu ile, walakini Warumi waliwavumilia kwa kuwa sheria yao ilikuwa ya kale, mila ya baba zao. Wakristo waliotoka katika mataifa hawakuwa na udhuru huo, maana walikuwa wameiacha mila ya baba zao wenyewe.

Mwaka 155 hivi askofu mzee Polycarp aliletwa katika kiwanja cha michezo huko Smirna. Liwali alimtaka aseme kwamba wakana Mungu na waondolewe, yaani Wakristo wenzake, apate kufunguliwa. Mzee akawatazama makutano waliojaa kiwanjani, akawapungia mkono, akaugua, akaangalia juu mbinguni, akayasema maneno yale yale aliyotakiwa kuyasema. Lakini alikuwa akiwasema wao. Akahukumiwa kuchomwa moto.

Justin, aliyezaliwa nchi ya Samaria na kuuawa Rumi mwaka 165 hivi, hakulikataa jina lile lote. Katika utetezi wake kwa Kaisari Antoninus Pius alikiri kwamba kwa habari ya miungu ile Wakristo ni wakana miungu kweli, bali kwa habari ya Mungu wa kweli sivyo. Akamtaja na Socrates, aliyehukumiwa kufa huko Athene mwaka 399 kabla ya Kristo kwa shtaka la namna hiyo hiyo.

Walipotaka kuonyesha ubatili wa miungu ya mataifa, Wakristo hawakuwa na haja ya kufua silaha mpya zote. Nyingine walizikuta zimekwisha kufuliwa na Wayunani wenyewe. Xenophanes, katika karne ya sita kabla ya Kristo, alikuwa amesema kwamba kila taifa huifanya miungu kwa mfano wake: Waethiopia huifanya myeusi, na Wathrake huipa macho ya buluu, na kama ng'ombe wangekuwa na mikono ya kuchora, wangechora miungu yenye umbo la ng'ombe. Euhemerus, miaka 300 hivi kabla ya Kristo, alifundisha kwamba Zeus na wenzake walikuwa wafalme wa zamani tu, walioabudiwa baada ya kufa. Wa tatu ni Diagoras wa Melos. Yasimuliwa kwamba rafiki yake alimwonyesha sadaka zilizowekwa hekaluni na watu waliookoka baharini, naye akauliza ziko wapi picha za wale waliozama.

Yafaa kuona jinsi waalimu wa Kanisa walivyowapokea watu hawa. Athenagoras, alipowatetea Wakristo mbele ya Kaisari Marcus Aurelius mwaka 177 hivi, alisema kwamba Waathene walikuwa na haki kumshtaki Diagoras, na kwamba Wakristo si watu wa namna yake. Lakini Clement wa Iskanderia, miaka michache baadaye, aliwasifu Diagoras na Euhemerus kwa kuwa waliuona uongo wa miungu ile kwa macho makali kuliko wenzao, ijapokuwa hawakuifikia kweli yenyewe. Tena maneno yale ya Xenophanes tuliyoyataja, ni Clement aliyetuhifadhia katika vitabu vyake.

Walakini silaha ya kuazima ina makali pande mbili, na wahenga wetu walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Mwaka 178 hivi mtu wa elimu aitwaye Celsus aliandika kitabu cha kuwapinga Wakristo. Ninyi, asema, mwawacheka wamwabuduo Zeus kwa sababu kaburi lake laonyeshwa katika kisiwa cha Krete. Mbona ninyi mwamwabudu mtu aliyelazwa kaburini? Swali hili si la matusi. Ni swali la kipimo: je, mwapimia dini yenu kwa pishi ile ile mnayowapimia wengine?

Jibu lilikawia miaka 70 hivi, mpaka Origen alipoliandika katika vitabu vinane. Hakutosheka na kukemea. Alimfuata Celsus neno kwa neno, akiyaweka maneno yake mbele ya msomaji kabla ya kuyajibu. Hata leo twamjua Celsus kwa sababu tu Origen alimnukuu. Juu ya kaburi alijibu kwamba Wakristo hawafichi kuzikwa kwa Bwana wao, bali washuhudia kwamba alifufuka, na watu wa Krete hawana ushuhuda kama huo juu ya Zeus. Mtu aweza kulikubali jibu hilo au kulikataa, lakini ni jibu la mtu aliyekubali kupimwa.

Sasa turudi kwenye mlango wa Abonoteichus. Sababu za Mkristo na za Mwepikuro zilikutana mahali pamoja tu: wote wawili waliona kwamba sanamu ni kazi ya mikono na kwamba watu hudanganywa. Zaidi ya hapo ziliachana. Kwanza, Mkristo alifungwa na agano, kama mke aliyekwisha kuolewa. Hata mungu mwingine angekuwa na nguvu, asingeweza kumpa ibada. Pili, Justin na wenzake hawakusema kwamba nyuma ya sanamu hakuna kitu. Walisema wako pepo wabaya, na Paulo naye, katika 1 Wakorintho sura ya 8 na ya 10, ayasema yote mawili, kwamba sanamu si kitu na kwamba sadaka zake hutolewa kwa mashetani. Tatu, mara nyingine mwamini hakukataa kabisa, bali alitambua. Waraka wa Aristeas, ulioandikwa na Myahudi wa Iskanderia karne ya pili kabla ya Kristo, wasema kwamba Mungu Muumba aabudiwaye na Wayahudi ndiye aabudiwaye na wote, ingawa Wayunani humwita Zeus. Na Paulo huko Athene aliianza hotuba yake kwa madhabahu ya mungu asiyejulikana.

Katika karne hii Mwingereza Richard Dawkins, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kiitwacho The God Delusion, amelirudisha swali la kale kwa sura mpya: kila mtu ni mkana miungu kwa habari ya Zeus na wenziwe, na yeye ameongeza mungu mmoja tu katika hesabu. Hesabu hiyo yatufaa kwa jambo moja. Yatukumbusha kwamba wengi wetu hatukuikataa miungu ya wengine baada ya kuichungua. Tulizaliwa mbali nayo tu. Walakini hesabu si sababu. Akataaye ibada kwa ajili ya agano, na akataaye kwa kuwa haoni ushahidi wowote, hawatembei njia moja hata wakikutana mlangoni.

Kwetu Afrika ya Mashariki, njia ile ya tatu ndiyo iliyotupa neno tulitumialo kila siku. Mungu ni jina lenye undugu na Mulungu wa Wayao na Wanyanja. Wakikuyu Wakristo husema Ngai, Wachaga husema Ruwa, na katika Rwanda Biblia humwita Imana. Majina haya hayakuletwa kwa meli. Wazee waliyataja chini ya miti yao kabla ya shule zetu kujengwa, na wafasiri wa Biblia wakaona yafaa. Kwa hiyo mwalimu asemaye kwamba yote ya wazee ni upuuzi, ayasema kwa ulimi ambao wazee walimpa.

Mzee akisema kwamba mvua ilinyesha baada ya tambiko, mwalimu huwa na haraka kuuliza ni mara ngapi haikunyesha. Ni swali la Diagoras, nalo ni swali zuri. Lakini na ajue kwamba kijana aketiye nyuma atauliza lilo hilo juu ya sala zetu za mvua, na lazima aliyeuliza la kwanza awe amekwisha kufikiri jibu la pili.