Askari, Boma na Nyuki: Mwenendo wa Jeshi la Wadachi na Upinzani wa Unyaturu

Wanyaturu wa Singida husimulia habari za Liti Kidanka, mwanamke aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wadachi katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, silaha yake ilikuwa nyuki, waliowatawanya askari wenye bunduki. Msikilizaji huvutwa na nyuki, akawasahau askari. Hata hivyo, askari nao wana historia yao, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo ndani ya Kiswahili.

Jeshi hilo lilianza mwaka 1889, Hermann Wissmann alipotumwa kuzima vita vya Abushiri katika pwani ya Mrima. Aliwaandikisha Wasudani kutoka Misri na Washangaan kutoka Msumbiji. Baadaye Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema waliingia kwa wingi. Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha. Vyeo vya ombasha, shaushi na efendi ni vya asili ya Kituruki, navyo vilipokewa kupitia jeshi la Misri. Kwa hiyo amri ilikuwa na msamiati wake kamili kabla boma halijajengwa bara.

Swali la msingi ni hili: je, maovu ya askari vitani yalikuwa utovu wa nidhamu, au yalikuwa nidhamu yenyewe? Ushahidi unaelekea upande wa pili. Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski huko Lugalo. Baada ya kuanguka kwa Kalenga mwaka 1894, Mkwawa aliendelea kupigana porini. Tom von Prince, aliyeanzisha kituo cha Iringa mwaka 1896, hakumwinda Mkwawa peke yake. Jeshi lake liliandama pia chakula, mifugo na watu waliomhifadhi, hadi Mkwawa alipojiua Julai 1898. Katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, chini ya Gavana Götzen, njaa ilitumiwa waziwazi kama silaha. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 hadi 300,000. Ghala halikuchomwa kwa sababu askari alimponyoka mkubwa wake. Lilichomwa kwa sababu mkubwa wake aliagiza.

Sheria ilikuwapo, lakini ilipima kingine. Amri ya mwaka 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, na ndiyo asili ya umaarufu wa neno hamsa-ishirini. Amri hiyo ilihusu adhabu. Haikugusa nyumba iliyotiwa moto wala ng'ombe aliyetekwa vitani. Askari alikuwa na mshahara, mke na watoto bomani, na nyara zilimwongezea mali na heshima. Rugaruga walioambatana naye walizitegemea nyara zaidi. Kiongozi anayelilisha jeshi lake kwa nyara hawezi kushangaa jeshi linapopora.

Katika nchi ya Singida, utaratibu huo ulikutana na jamii ya namna nyingine. Wadachi walikuwa na maboma Kilimatinde na Mkalama. Lakini Wanyaturu hawakuwa na mtemi mmoja wa nchi nzima; waliishi katika kaya zilizotawanyika, wakilima uwele na mtama na kufuga ng'ombe. Mahali penye mtemi, kamanda alimjua wa kupigana naye na wa kupatana naye. Mahali pasipo na mtemi, kila kaya iliweza kuhesabiwa kuwa ya adui. Ndiyo maana utawala ulitaka kuweka wakubwa wake wenyewe: ulihitaji mtu wa kupokea amri.

Hapo ndipo taaluma ya Kiswahili inapohusika. Mwaka 1969 Marguerite Jellicoe alichapisha makala kuhusu upinzani wa Wanyaturu, lakini kazi haijakwisha. Kiswahili kilitangulia kupita Kilimatinde na misafara ya biashara, kisha kikarudi kikiwa lugha ya amri. Waliopokea amri hizo walikuwa na Kinyaturu. Anayesoma vita hivi kwa Kiswahili peke yake huwa amekaa upande wa boma, hata kama moyo wake uko kwa Liti.

Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea kwa yaliyotendwa katika Majimaji. Mjini Singida, jina la Liti limepewa uwanja wa michezo. Maana ya jina hilo itadumu ikiwa masimulizi ya wazee yatakusanywa kwa Kinyaturu, yakafasiriwa, kisha yakawekwa kando ya kumbukumbu za boma ili pande mbili hizo zisomwe pamoja.