Mtetemo wa fuwele uliosubiri miaka 57

Februari 1928, maabara mbili zisizo na habari ya kazi ya mwenzake zilikuta jambo lile lile. Tarehe 21, jijini Moscow, Grigory Landsberg na Leonid Mandelstam waliona kuwa mwanga wa taa ya zebaki, ukishapita ndani ya fuwele ya kwatsi, hutoka na mistari hafifu ya rangi ambayo taa yenyewe haina. Wiki moja baadaye, jijini Calcutta, C. V. Raman na mwanafunzi wake K. S. Krishnan walifikia ugunduzi huo huo, wao wakitumia zaidi vimiminika. Raman akawahi kuchapisha, na mwaka 1930 akapewa Tuzo ya Nobel peke yake. Warusi hawakuambulia kitu. Kwangu mimi walipunjwa, maana wao ndio walioanza na fuwele.

Mistari ile ilitokana na atomi. Ndani ya fuwele atomi hazitulii. Kila moja imeshikwa na jirani zake na hutetema kwa kasi yake maalumu. Mwanga ukipita, sehemu ndogo mno huziachia atomi nishati kidogo, au huchota kidogo kutoka kwazo, na kwa hiyo hubadilika rangi. Ukipima tofauti ya rangi hizo, umejua atomi zinatetema mara ngapi kwa sekunde. Za almasi ni mara trilioni 40. Mwaka 1940 Raman na T. M. K. Nedungadi walipasha kwatsi moto wakaona mtetemo wake mmoja ukizidi kulegea kadiri joto lilivyokaribia nyuzi 573, pale mpangilio wa atomi zake unapobadilika.

Hata hivyo, kujua idadi si kuona mwendo. Chini ya taa kila atomi hutetema kwa wakati wake, moja ikipanda nyingine ikishuka, na jumla yake ni vurugu tupu. Ili mwendo uonekane, lazima atomi zote zianzishwe kwa pamoja, na kinachozianzisha kiwe kimeondoka kabla hazijarudi. Ukigonga kengele kisha ukaiacha nyundo imeiegemea, hailii. Kwa almasi, nyundo ina nafasi ya femtosekunde 25 tu. Femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa vipande milioni moja, kisha kila kipande kikagawanywa tena vipande bilioni moja.

Nyundo iliyohitajika ni leza, na ya kwanza ilikuwa butu. Theodore Maiman aliwasha leza ya yakuti nyekundu katika maabara ya Hughes, Marekani, mwaka 1960. Miaka miwili baadaye, katika kampuni hiyo hiyo, Eric Woodbury na Won Ng walishangaa kuona leza yao ikitoa pia rangi ambayo yakuti haina. Ilitoka kwenye nitrobenzini, kimiminika kilichokuwa kwenye swichi ya leza hiyo. Bila kukusudia walikuwa wameonyesha kwamba mwanga ukiwa mkali vya kutosha hautoi tu habari za mtetemo, bali huuendesha. Kilichopungua ni ufupi wa mpigo, yaani mwako mmoja wa leza, na hilo lilichukua karibu miaka ishirini: mwaka 1981 Richard Fork, Benjamin Greene na Charles Shank wa Bell Labs walishusha mpigo chini ya femtosekunde 100.

Mwaka 1985 kundi la Keith Nelson pale MIT, pamoja na Erich Ippen na James Fujimoto waliokuwa mabingwa wa leza, lilichukua fuwele ya perilini, likaipoza hadi nyuzi 20 juu ya sifuri halisi, na kufuatilia mitetemo yake ikififia hatua kwa hatua. Mwaka huo huo Nelson na wenzake walieleza kwa nini mpigo mfupi lazima uanzishe mitetemo ya namna hiyo. Mpigo mfupi hauwezi kuwa wa rangi moja. Hubeba rangi nyingi kwa pamoja. Rangi mbili zinazotofautiana kwa kiasi kile kile alichopima Raman hushirikiana kuzisukuma atomi. Katika fuwele inayopitisha mwanga, mpigo haumezwi wala hauiunguzi fuwele. Unasukuma, kisha unaendelea na safari yake.

Katika sura rahisi ya jaribio hilo, mpigo wa pili, ulio dhaifu, hufuata nyuma. Ukizikuta atomi zinakwenda upande mmoja, rangi yake huelemea wekundu; zikirudi, huelemea ubuluu. Hakuna saa ya kupima muda wa namna hiyo, kwa hiyo watafiti hutumia kioo kilichofungwa kwenye reli, katika njia ya mpigo huo wa pili. Kisogeze nyuma mikromita 15, na kwa kuwa mwanga huenda na kurudi, unachelewa femtosekunde 100. Badiliko lenyewe linaweza kuwa sehemu moja kwa laki, ndiyo maana sahani yenye matundu huzungushwa mbele ya mpigo wa kwanza, ukipita na kuzibwa, na tofauti hupimwa mara maelfu.

Zamu ya almasi ilikuja mwaka 2006, pale Kunie Ishioka na wenzake nchini Japani walipoonyesha atomi zake zikitetema kwa pamoja. Mwaka 2011, Oxford, timu ya Ian Walmsley ilichukua almasi mbili za milimita 3 hivi, zilizotenganishwa kwa takriban sentimita 15, ikaunganisha mitetemo yao kwa namna ya kikwantamu: mtetemo mmoja uliogawanywa kati ya mawe mawili, katika joto la kawaida la chumba. Mtetemo wa almasi hauishi zaidi ya femtosekunde elfu 7 hivi, kwa hiyo kuunganisha na kuhakiki ilibidi vyote viishe ndani ya muda huo.