Harusi baada ya mavuno: mambo ya kupanga mapema Litapunga na Katavi kwa jumla

Kuanzia Juni hadi Oktoba ni vigumu kupita wiki katika mkoa wetu bila kusikia vigelegele, matarumbeta au spika ya harusi ikiunguruma kutoka kijiji cha jirani. Mvua za Katavi ni za msimu mmoja, kwa kawaida huanza Novemba na kumalizika Aprili. Wakati huo watu wako shambani, barabara za vumbi zinageuka tope, na turubai halizuii mvua ya upepo. Kwa hiyo harusi nyingi za Litapunga, Nsimbo, Katumba na hata Mpanda mjini husubiri mahindi yavunwe, mpunga upigwe na tumbaku iuzwe.

Makala haya ni ya kusoma pamoja na wazee, mshenga na kamati kabla tarehe haijatangazwa. Tarehe ikishatajwa kwa wakwe, kuibadilisha ni kazi nyingine kabisa.

Tarehe ipi inafaa

Watu wengi hutaja Julai kwa sababu mahindi yameshakomaa. Lakini mahindi yaliyokomaa siyo mahindi yaliyopukuchuliwa, na yaliyopukuchuliwa bado siyo fedha. Ukihesabu siku za kuvuna, kukausha, kupukuchua na kutafuta mnunuzi, Agosti na Septemba ndizo huwa na nafasi zaidi kwa familia inayotegemea mahindi. Ikifika Oktoba jua ni kali, visima vingine vimepungua maji, na baadhi ya watu wameshaanza kusafisha mashamba.

Kwa mkulima wa tumbaku hesabu ni tofauti kidogo. Usipange harusi kwa kuangalia siku ya soko. Angalia siku ambayo malipo yameingia kwenye akaunti kupitia chama cha msingi, baada ya makato ya pembejeo. Kati ya siku hizo mbili zinaweza kupita wiki kadhaa, na ukumbi au fundi wa muziki hasubiri. Mzee anayesema "fedha zipo, bado tu kutoka" anasema kweli, ila mpishi hawezi kununua mchele kwa kauli hiyo.

Yapo pia mambo ya dini. Wakatoliki na baadhi ya madhehebu mengine hawafanyi sherehe za harusi katika Kwaresima, na Waislamu wengi huepuka karamu za harusi katika mwezi wa Ramadhani. Kwa mwaka 2027 Kwaresima inaanza tarehe 10 Februari na Pasaka ni tarehe 28 Machi. Ramadhani nayo inatarajiwa kuanza siku hizohizo za mwanzo wa Februari, kutegemea kuandama kwa mwezi. Yote hayo yanaangukia masika, kwa hiyo anayepanga kiangazi hayamgusi sana. Kinachomgusa ni mafundisho ya ndoa na matangazo kanisani, ambayo huchukua wiki nyingi. Nenda kwa katekista, mchungaji au imamu mapema, ukiwa na vyeti vyenu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo ina muda wake: taarifa ya kusudio la kufunga ndoa hutolewa si chini ya siku 21 kabla ya siku yenyewe. Siku hizo zipo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kwa mfano mke wa kwanza wa ndoa ya mke mmoja ambaye hakuambiwa lolote.

Jambo moja dogo ambalo kamati za mjini hulisahau: angalia mwezi. Sherehe ya kijijini huisha usiku na wageni wengi hurudi kwa miguu au kwa bodaboda. Jumamosi iliyo karibu na mbalamwezi inasaidia sana. Kwa wale wa Sitalike na vijiji vingine vilivyo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako viboko hutoka mtoni usiku kutafuta malisho, hilo ni suala la usalama wa wageni. Afadhali sherehe ianze saa sita mchana na kufungwa kabla ya giza.

Toa chakula cha nyumbani kwanza

Hapa ndipo harusi nyingi za msimu huacha jeraha. Agosti ghala limejaa, kila mtu anaona kuna mali. Mahindi yanauzwa wakati ambapo kila jirani naye anauza, bei ikiwa chini. Ikifika Januari na Februari familia ileile inanunua debe kwa bei ya juu, au inaomba. Waliokula pilau hawatakuwepo.

Njia salama ni kutenga chakula cha mwaka kabla ya kamati kukaa kikao cha kwanza. Tuchukue mfano wa kaya ya watu sita, wakubwa kwa watoto, inayotumia kilo mbili za mahindi kwa siku. Kwa siku 365 ni kilo 730, yaani magunia saba ya kilo 100 na kitu juu yake. Ongeza gunia moja la tahadhari kwa wageni, misiba na mavuno yanayoweza kuchelewa. Magunia manane hayo yafungwe, yawekwe dawa au yaingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na ufunguo akae nao mama mwenye nyumba. Kama kaya ilivuna magunia 20, basi ya kufikiria ni 12. Katika hayo 12 kuna mbegu na mbolea ya msimu ujao, ada na sare za shule, na deni la duka. Kinachobaki ndicho cha harusi.

Ukipata magunia matatu baada ya hesabu hiyo, una harusi ya magunia matatu. Siyo aibu. Na kama kuna uwezekano wa kusubiri kuuza, subiri. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, huwa unanunua mahindi mkoani kwetu baada ya mavuno, na mara nyingi bei yake ni bora kuliko ya mchuuzi anayekuja na mzani wake nyumbani. Uliza ofisi ya kijiji au chama chenu cha ushirika kabla ya kuuza kwa haraka ya sare.

Kuhusu mikopo tutasema kwa ufupi tu. Mkopo wa kausha damu kwa ajili ya sherehe ya siku moja haulipiki kwa michango, kwa sababu michango hupungua ahadi na riba haipungui. Tumeona ng'ombe wa mahari wakiuzwa kulipia turubai.

Mahari na kauli ya wazee

Katavi ni mkoa wa watu wengi. Wapo Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa, wapo Wasukuma waliohamia na mifugo yao, na wapo wenzetu wa Katumba na Mishamo ambao familia zao zilitoka Burundi miaka ya 1970 na wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Kijana wa Litapunga anaweza kuoa binti ambaye kwao mahari huhesabiwa kwa ng'ombe huku kwao yeye huhesabiwa kwa fedha, majembe na mablanketi. Mshenga mzuri huuliza mapema: ng'ombe ni ng'ombe wa miguu minne, au ni jina la kiasi fulani cha fedha? Ugomvi mwingi siku ya kutoa mahari huanzia kwenye swali hilo ambalo hakuna aliyeliuliza.

Mambo yaandikwe. Karatasi moja yenye mahari yaliyokubaliwa, yaliyotolewa na yaliyobaki, ikasainiwa na mjumbe mmoja wa kila upande, inatosha. Wazee wengine huona kuandika ni kutoaminiana. Tunaheshimu, lakini mzee aliyekuwa shahidi akifariki, watoto ndio wanaobaki wakibishana.

Na ijulikane kwamba kisheria ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu mahari hayajakamilika. Hivyo hakuna haja ya kulazimisha kila kitu kilipwe ndani ya Agosti moja.

Kamati, daftari na simu

Kamati kubwa haifanyi kazi. Watu saba wanatosha: mwenyekiti, katibu, mtunza fedha, wa chakula, wa usafiri, wa turubai na muziki, na mama mmoja ambaye neno lake likitoka hakuna anayebisha.

Michango siku hizi hupita kwenye simu. Tangazeni namba moja tu na jina linalotokea mtu akituma, na mwambieni kila mchangiaji alithibitishe jina kabla ya kuweka namba ya siri. Matapeli hutuma ujumbe wa "namba imebadilika" hasa wiki ya mwisho, kamati ikiwa na haraka. Katibu aandike kwenye daftari, siyo kwenye simu peke yake, kwa sababu simu huzimika na kwenye baadhi ya vijiji vyetu mtandao hupatikana ukipanda kichuguu. Andikeni ahadi upande mmoja na fedha iliyofika upande mwingine. Bajeti ifuate upande wa pili.

Pokeeni pia mazao. Jirani asiye na fedha Julai ana debe la maharage, kuku wawili, mkungu wa ndizi au siku moja ya kukata kuni. Vyote hivyo ni mchango, viandikwe kwa jina lake na vitangazwe kwa heshima ileile ya aliyetoa laki.

Chakula cha siku hiyo

Kijijini kadi ya mwaliko haizuii mtu. Ukialika 150, pika kwa ajili ya 200. Kwa pilau, kilo moja ya mchele hulisha watu saba hivi wakiwa na mboga nyingine pembeni, kwa hiyo watu 200 wanahitaji takriban kilo 30. Mbuzi wa kienyeji wa wastani hutoa nyama ya kilo 10 hadi 12 tu. Ukitaka kilo 40 za nyama utachinja mbuzi wanne, na hapo ndipo wengi huona afadhali kununua ng'ombe mmoja kwa kushirikiana. Nyama ikaguliwe na afisa mifugo kabla ya kuingia jikoni.

Maji ndiyo kitu kinachosahaulika. Kupika, kunywa, kunawa na kuosha vyombo, weka lita tatu kwa kila mtu. Watu 200 ni lita 600, sawa na madumu 30 ya lita 20. Mwezi Septemba madumu hayo hayapatikani kwa asubuhi moja, yaanze kujazwa siku mbili kabla. Ya kunywa yachemshwe au yawekwe dawa, na ndoo ya kunawia iwekwe karibu na choo na nyingine karibu na chakula.

Rangi, sare na mapambo

Kama mnataka sherehe iwe na sura moja, msimu wenyewe umeshawapa. Vikapu na vyungo, mabua ya mahindi na masuke ya mpunga, maboga na majani ya migomba hupamba jukwaa bila gharama kubwa, na picha zake zinapendeza kuliko maua ya plastiki yaliyofifia kwa vumbi. Chagueni kitenge cha rangi inayopatikana kirahisi soko la Mpanda, na mtangaze rangi, siyo doti fulani. Mtu mwenye gauni la rangi hiyo tayari asilazimike kununua jipya. Nyeupe kwa wasindikizaji tunashauri muiache. Vumbi la Agosti haliheshimu harusi.

Muziki na ngoma mtoe taarifa kwa afisa mtendaji wa kijiji mapema, mkubaliane saa ya kufunga.

Umri na hiari ya bibi harusi

Mavuno yanapoingiza mahari nyumbani, ndipo pia mabinti wadogo huingizwa kwenye hesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 uliikuta Katavi ikiongoza nchini kwa mimba za utotoni, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa wameshazaa au ni wajawazito. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 au 14, vinakwenda kinyume na Katiba. Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo Oktoba 2019. Kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa ambalo adhabu yake, baada ya marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, inafika kifungo cha miaka 30.

Sheria inataka pia hiari ya wote wawili. Shangazi amuulize binti akiwa peke yake, na amuulize kabla ya barua ya posa kujibiwa, maana kikao kikishajaa wajomba jibu huwa ni moja tu.

Wiki ya baadaye

Mtunza fedha asome hesabu ndani ya siku saba, mbele ya pande zote mbili, deni la turubai likiwa la kwanza kulipwa. Masufuria na viti vya kuazima virudishwe vikiwa vimehesabiwa. Waliokopesha safari hii wataombwa tena Agosti ijayo.

Bibi na bwana harusi wahakikishe wana cheti cha ndoa mkononi, majina yakiwa yameandikwa kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao vya taifa. Kwa waliofunga ndoa ya kimila, sheria inawapa siku 30 za kuomba isajiliwe, na pa kuanzia ni ofisi ya mkuu wa wilaya. Cheti hicho ndicho kitakachoulizwa siku ya mirathi, bima ya afya au mgogoro wa shamba. Kipigeni picha kwa simu, mmoja wenu akitunze kwenye mfuko wa nailoni mbali na mchwa.