Mpira wa Mchangani na Mchezo wa Kioo

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike machache juu ya vijana wetu na michezo ya vidio, nadhani kwa kuwa nimesomesha miaka mingi hapa Maskati. Wazee wenzangu huniambia, "Mwalimu, watoto wa siku hizi hawachezi." Mimi naona wanacheza sana. La kuuliza ni wapi, na nani, na mpaka saa ngapi.

Sisi tuliokulia Unguja tulikuwa na michezo ya mwili: mpira Mnazi Mmoja, kupiga mbizi Forodhani, na nage kwa dada zetu. Tulikuwa pia na michezo ya kukaa kitako: bao, karata, dhumna na keram. Baba zetu walizilalamikia karata kama tunavyolalamika sisi leo. Lakini kila mchezo ulikuwa na mwisho wake. Ikiadhiniwa Magharibi mpira husita, tukakimbilia chuoni. Mwenye keram akishikwa na usingizi, huingiza ubao wake ndani.

Nilifika Maskati mwaka 1979. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli 3 na wanafunzi 909, wote wavulana. Mimi nilikuta skuli zimeenea na walimu wanatafutwa. Baada ya Alasiri vijana walicheza mpira miguu mitupu kwenye mchanga wa wadi, mawe mawili ndiyo magoli. Mwaka 1984, Kombe la Ghuba lilipochezwa hapa, kila wadi ilikuwa na timu yake.

Wakati huo huo mchezo wa kioo ulikuwa njiani. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Pong, na mwaka 1978 Wajapani wakatoa Space Invaders. Mashine hizo zilikula sarafu. Sarafu ikimalizika, na mchezo umemalizika. Mashine ilipoingia nyumbani, kizuizi hicho kikaondoka. Kwetu kila mashine ya mchezo tuliiita Atari. Kisha zikaja kompyuta za Sakhr, za kampuni ya Kuwait, zenye herufi za Kiarabu. Wazazi tulizinunua kwa ajili ya masomo, watoto wakazichezea.

Tusiilaumu mashine peke yake. Joto la hapa hupita digrii 40 wakati wa kiangazi, na ndani mna kiyoyozi. Tulihama mitaa ya zamani tukajenga Seeb na Al Khoudh, nyumba kubwa zenye kuta ndefu, na kila jamaa yuko mbali na mwenzake bila ya gari.

Nami nina langu la kukiri. Katikati ya miaka ya 1990 mwanangu, akiwa na miaka 14, hakubanduka kwenye mchezo wa mpira wa kompyuta. Nikachukua waya nikaufungia sandukuni mwezi mzima, nikitaraji atakwenda uwanjani. Hakwenda. Alilala tu, na salamu yangu akaiitikia kwa shida. Mama yake akaniambia, "Mwalimu, umemnyang'anya mchezo, hukumpa mwengine." Nilipokwenda kuutazama ule uwanja wa wadi, nilikuta barabara imepita juu yake. Nilikuwa na gari miaka yote, na sikupata kumwuliza hata siku moja kama anataka kupelekwa.

Tangu hapo, kila Alhamisi, maana wakati ule mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, nilimchukua yeye na binamu zake watatu ufukweni. Waya nikaurudisha. Mchezo hakuuacha, ila akajifunza kugawa saa zake.

Mwezi wa Januari 2009 Oman ilitwaa Kombe la Ghuba hapa hapa Maskati, kwa penalti dhidi ya Saudi Arabia, Ali Al-Habsi akiwa golini. Vijana waliokuwa wakimchagua Al-Habsi kwenye kioo ndio walioujaza ufukwe siku ya pili, kila mmoja akigombea kuwa kipa. Hapo nikaona kuwa michezo miwili hii si lazima iwe maadui.

Leo michezo ya intaneti haina Magharibi. Shirika la Afya Duniani linashauri walio na miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kutumia mwili kila siku. Mwaka 2019 lilikubali kuwa mchezo uliomshinda mtu kujizuia, ukavuruga maisha yake, ni maradhi. Halikusema kila anayecheza ni mgonjwa. Mjukuu wangu hucheza usiku na binamu zake wa Unguja, na nyuma ya mlango namsikia akicheka nao kwa Kiswahili, lugha anayonijibu mimi kwa Kiarabu. Mlango huo siwezi kuufunga.

Naomba basi kila ukoo uwe na mtu mmoja mwenye gari ambaye Ijumaa, baada ya Alasiri, atawapitia vijana awapeleke ufukweni. Mimi zamu yangu nimeshaianza.

Wabillahi tawfiq.