Namba ya kurua: somo nililolilipia moteri

Wandugu, mimi nilidhani ninajua kurua. Hapa kwetu Kalengera, mashini ya kusaga mahindi inatumia kurua za aina B. Ikiandikwa B60, ni inchi 60, na zinapimwa upande wa ndani. Basi kurua ya Coccinelle ya baba mkubwa ilipokatika, mimi agronome ndiye nilitumwa Goma.

Zamani viwanda viliendeshwa na mikanda bapa ya ngozi, mipana, iliyotoka kwenye puli mara kwa mara. Mwaka 1917, kule Denver, Marekani, John Gates alitengeneza mkanda wa mpira na kitambaa wenye umbo la V. Huo haushiki chini. Unashika kuta mbili za mfereji wa puli. Coccinelle, iliyoanza 1938 na kuisha Mexico 2003 baada ya gari zaidi ya milioni 21, iliweka maisha yake yote kwenye kurua moja kama hiyo. Inazungusha dinamo, na dinamo inazungusha feni. Moteri haina maji, inapozwa na upepo tu.

Kipande cha zamani kilisomeka 9,5 × 905. Dukani nikapima kwa ndani, kama ya mashini, nikachukua yenye 905. Ilikuwa ndefu. Tukatoa rondeli zote kati ya vipande viwili vya puli ili ikaze, bado ikalegea. Tukasema itafika tu. Kwenye mlima taa nyekundu ikawaka, nasi tukaendelea. Moteri ikakwama palepale.

Fundi mzee aliiangalia, akaniambia: "Mwanangu, kurua ya gari inapimwa kwa nje." Nikapiga hesabu usiku: unene karibu milimita 8, mara mbili, mara 3,14. Ni milimita 50 za tofauti. Hesabu ya sekondari!

Kwa hiyo, mwenye gari ya kizee: soma namba ingali inasomeka, uiandike. Pima upana wa juu wa mfereji, usiamini kurua iliyochoka, maana imevutika na kulika. Usiseme dukani "ya Coccinelle" tu: za dinamo na za alternata hazifanani. Ikiingia, sehemu yake ya chini isiguse sakafu ya mfereji.

Baba mkubwa hakunigombeza. Gari bado iko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani. Namba nimeiandika mlangoni.