Hot Space: Queen Walipowakasirisha Mashabiki Wao

Kwenye majalada ya albamu za mwanzo za Queen, bendi ya roki ya Uingereza, ikiwemo A Night at the Opera ya mwaka 1975, paliandikwa kwamba sinthesaiza haikutumika. Mashabiki walijivunia mstari ule. Milio mingi ya ajabu waliyoisikia, iliyodhaniwa kuwa ya mitambo, ilitoka kwenye gitaa la mwanabendi Brian May, ambalo yeye na baba yake walilitengeneza nyumbani kwa mikono yao, shingo yake ikichongwa kutoka kwenye ubao wa meko kuukuu.

Ndiyo maana albamu ya Hot Space, iliyotoka Uingereza tarehe 21 Mei 1982, iliwauma. Aliyeweka sindano kwenye upande wa kwanza alipokewa na wimbo Staying Power: matarumbeta yaliyopangwa na Arif Mardin, na besi inayopigwa kwa sinthesaiza. Wimbo wa nne, Body Language, karibu hauna gitaa kabisa. Ilimbidi ageuze santuri ndipo akutane na Put Out the Fire, na humo May akarudi kwa kishindo.

Ubishi wenyewe ulianzia studio, huko Munich. John Deacon, mpiga besi aliyependa sana muziki wa soul, alitunga Back Chat na hakutaka solo ya gitaa ndani yake. May aliona wimbo unapoa bila solo hiyo, wakavutana, na mwishowe ikaingia. Kumbe hata kabla santuri haijafika dukani, malalamiko ambayo mashabiki wangeyatoa yalikwisha kutolewa na mpiga gitaa wao.

Deacon alikuwa na hoja nzito mkononi. Mwaka 1980 wimbo wake Another One Bites the Dust, uliojengwa juu ya besi ya kuchezeka, ulishika namba moja Marekani. Wanabendi wamesimulia kwamba Michael Jackson ndiye aliyewahimiza wautoe kama singo. Wimbo mmoja wa namna hiyo mashabiki waliupokea kwa furaha. Upande mzima wa santuri uliwashinda.

Upande ule ulinukia disko, na mtu hawezi kuielewa hasira ile bila kukumbuka yaliyotokea Chicago. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, mtangazaji wa redio Steve Dahl alilipua shehena ya santuri za disko mbele ya maelfu ya watu. Umati ukavamia uwanja, na mechi ya pili ya siku hiyo haikuchezwa. Disko ilikuwa imekulia katika kumbi za Wamarekani weusi, Walatino na mashoga, na chuki dhidi yake haikuwa ya muziki peke yake. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, aliwahi kuonja chuki hiyo: katika ziara ya Marekani ya 1980, baada ya kukata nywele na kufuga masharubu, mwonekano uliohusishwa na mashoga, baadhi ya watazamaji walimrushia nyembe jukwaani.

Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, hakuukwepa ugomvi huo. Tarehe 5 Juni 1982, huko Milton Keynes, Uingereza, kabla ya kuimba Staying Power aliwaambia mashabiki kwamba kupiga funk hakumaanishi bendi imeacha roki, na kwamba ile ni santuri tu, watu wasipandwe na jazba kiasi hicho. Kisha bendi ikaupiga wimbo huo kwa gitaa zito kuliko la studio. Rekodi ya onyesho hilo ilitolewa mwaka 2004, na anayeisikiliza atagundua kuwa tungo zilikuwa imara. Kilichokosekana kwenye albamu ni uzito wa bendi nzima ikipiga pamoja.

Hapo mashabiki walikuwa na haki kwa sehemu. Upande wa kwanza wa Hot Space umepooza mahali pengi, na May na mpiga ngoma Roger Taylor wamekiri baadaye kwamba hawakuipenda njia ile. Lakini waliodai kuwa roki na muziki wa dansi havichanganyiki walijibiwa mwaka huohuo: mwezi Novemba Jackson alitoa Thriller, na solo ya gitaa katika Beat It ikapigwa na mwanaroki Eddie Van Halen.

Hot Space ilifika namba nne Uingereza na 22 Marekani, nchi ambako albamu iliyotangulia, The Game, ilikuwa namba moja. Miaka miwili baadaye Queen walitoa Radio Ga Ga, uliojaa sinthesaiza na mashine ya ngoma, ukapendwa sana Ulaya. Marekani haikuwa hivyo. Tamasha la Septemba 1982 pale Forum, mjini Inglewood, ndilo la mwisho ambalo Queen walilifanya nchini humo wakiwa na Mercury, aliyefariki Novemba 1991.